Friedrich Hustedt: Mwalimu wa Bremen aliyehesabu mistari ya diatomu

Tukichota maji ya ziwa kwa kikombe, huenda tumechota pia diatomu nyingi bila kujua. Hizi ni mwani wa seli moja, wenye ganda la silika, madini yanayotengenezea kioo. Spishi zake ni maelfu, na nyingi zinafanana kama mapacha.

Aliyetumia maisha yake kuzitofautisha ni Friedrich Hustedt, aliyezaliwa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1886. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Hadubini ilisubiri saa za mapumziko, hadi alipoacha kufundisha mwaka 1939.

Maganda husafishwa kwa asidi, hugandishwa kwenye kioo, kisha mtafiti hutazama ncha zake na kuhesabu mistari inayoenea katika mikromita 10. Ukubwa peke yake hudanganya: kila seli inapogawanyika, mmoja wa watoto hupata ganda dogo zaidi. Kwa hiyo kibonge na kidogo wanaweza kuwa wa ukoo mmoja. Hustedt alichora maganda hayo kwa mkono wake, na kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu diatomu za maji baridi za Ulaya ya Kati kikawa mwongozo wa wengi.

Baadaye alichambua sampuli ambazo wenzake walizileta kutoka Java, Sumatra na Bali. Humo aliona kwamba spishi zinachagua maji: baadhi hupenda yenye asidi, nyingine yenye alkali. Akazipanga katika makundi. Katika miaka ya 1980, Ulaya ilipobishana kuhusu mvua ya asidi, watafiti walichimba matope ya maziwa na kutumia makundi hayo kujua maji yalibadilika lini. Ukikosea pacha mmoja kwa mwingine, historia ya ziwa zima inapotoka.

Wasikilizaji wetu wa mashariki mwa Kongo nao wamo katika kazi yake. Mwaka 1949 alichapisha utafiti wa diatomu za Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, kutokana na sampuli zilizokusanywa mwaka 1935 na 1936.

Hustedt alifariki mwaka 1968. Baadhi ya spishi alizodhani ni mpya zimeunganishwa na nyingine tangu hapo. Mkusanyiko wake uko Bremerhaven, na mtafiti mwenye shaka huomba kioo kile kile alichokitazama mwalimu, akahesabu upya.