King Camp Gillette: mpini mara moja, wembe kila siku

Hapa kwetu Butembo na Beni, mtoto akitumwa ku duka kununua wembe, mara mingi anaomba jileti. Wenye kusema Lingala wanaita zileti. Lile si jina la chuma, ni jina la mtu. Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na papa wa nyumbani, leo tunaeleza maisha ya mtu yule, juu ndani yake muko somo kwa kila mtu anayeishi kwa nguvu ya mikono yake.

King Camp Gillette alizaliwa tarehe 5 Januari 1855 ku Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikulia Chicago. Mwaka wa 1871 moto mkubwa ulichoma mji ule, na mali ya wazazi wake ikaisha. Kijana wa miaka 16 akatafuta kazi. Miaka mingi alikuwa mchuuzi wa kusafiri, anatembeza vitu vya wengine mji kwa mji.

Mmoja wa mapatroni wake alikuwa William Painter, yule aliyevumbua kizibo cha chuma tunachofungua ku chupa ya bia na ya sukre. Kizibo kikifunguliwa, kinatupwa, na kiwanda kinauza kingine. Painter akamshauri atafute kitu cha namna ile: mtu akitumie, akitupe, kisha arudi kununua.

Gillette alitafuta miaka. Mwaka wa 1895, akiwa anakaa Brookline karibu na Boston, wazo likamfikia wakati wa kunyoa ndevu. Kwa ile wakati wembe ulikuwa chuma kinene, cha kunolewa ku ukanda wa ngozi kila mara, na ukichoka kabisa unapelekwa kwa fundi. Gillette akatenganisha vitu viwili: mpini ubaki, wembe uende. Mpini wa nguvu, wa kudumu miaka. Wembe mwembamba kama karatasi, wenye makali pande mbili, wa kutupwa ukishachoka.

Kusema ni rahisi, kutenda njo kazi. Wenye kujua chuma walimwambia haiwezekani: chuma chembamba vile, ukikitia moto kusudi kiwe kigumu, kinajikunja. Yeye mwenyewe hakuwa fundi. Aliyefungua njia ni enjinia William Nickerson, aliyetengeneza mashini za kukaza chuma kile na kukinoa. Ku upande wa mpini pia kulikuwa kazi: wembe ukiwa mwembamba, nguvu yote inatoka kwa kile kinachoushika. Njo maana ulifanywa wa shaba ya manjano, ile wafundi wanaita letoni, na sehemu zake zinabana wembe unapokazwa kwa kuzungusha. Mipini mingine ya wakati ule inanyoa mpaka leo.

Kampuni ilianza mwaka wa 1901. Mwaka wa 1903 waliuza mipini 51 tu, na nyembe 168. Mwaka uliofuata, mipini ilipita 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Bei ilikuwa dolari 5, karibu nusu ya mshahara wa juma wa mfanyakazi wa Marekani. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, serikali ya Marekani ilinunulia waaskari mipini milioni 3 na nusu, na nyembe zaidi ya milioni 30. Waliporudi nyumbani, mpini ulikuwa mkononi tayari. Kilichobaki ni kununua wembe. Mwaka wa 1921, ulinzi wa ile hati ulipoisha, kampuni ikatoa mpini wa dolari 1. Faida ilikuwa tayari ku wembe.

Sasa sikilizeni upande ambao wengi hawaujui. Mwaka wa 1894, mbele ya wazo la wembe, mtu huyu aliandika kitabu cha kushitaki mashindano ya biashara. Aliona njo mzizi wa umaskini na hasara. Alitaka viwanda vyote viwe kampuni moja ya watu wote, na mji mmoja mkubwa upate umeme wa maporomoko ya Niagara. Mwaka wa 1910 alitaka kumpa Theodore Roosevelt, rais wa zamani, dolari milioni 1 kusudi aongoze kampuni ile ya dunia. Roosevelt alikataa. Tajiri akabaki na ndoto yake, na makuta yake yakizidi kutoka kwa biashara ile ile aliyoishitaki.

Na ile kampuni haikubaki mkononi mwake. Aligombana na John Joyce, mwenye kutia mali, na mwisho akamwuzia sehemu kubwa ya hisa zake. Uso wake ulibaki ku karatasi ya kila wembe, lakini uamuzi ulikuwa kwa wengine. Mwaka wa 1929 bei ya hisa ilipoanguka, mali yake nyingi ikapotea. Alikufa tarehe 9 Julai 1932, California.

Kisha kifo chake, kampuni iliendelea na wazo lile. Mwaka wa 1971 ilitoa kartushi: kichwa kizima chenye nyembe mbili, unakitoa na kutia kingine. Siku hizi mipini mingi ni ya plastiki, inavunjika upesi, na kartushi ya kampuni moja haiingii ku mpini wa kampuni ingine.

Somo letu ni hili. Mpini mzuri wa kudumu ni kitu cha maana, na fundi anayeutengeneza anastahili sifa. Lakini kabla ya kuupokea, uliza: nitakuwa nikinunua nini kila siku, kwa nani, na bei anapanga nani? Wachimbaji wa dhahabu tunajua jambo hili. Mtu anakuletea motopompi ku deni, unashukuru, kisha kila gramu inapita kwake kwa bei yake. Motopompi iko kwako, lakini kamba iko mkononi mwake. Tukijiunga na kununua chombo pamoja, tuchague kile ambacho vipuri vyake vinapatikana kwa wauzaji wengi, na tuuze dhahabu yetu kwa anayelipa vizuri.