Gama wa Punjab, Mwanamieleka Asiyeshindwa

Vijana wanaoingia katika Islam mara nyingi huuliza kama michezo ya kushindana inamfaa Mwislamu. Jibu la kwanza limo katika maisha ya Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe, ambaye imesimuliwa kwamba alipigana mieleka na Rukana, mtu mwenye nguvu sana wa Makka, akamwangusha, na tena alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha r.a. Lakini liko swali lililo zito zaidi: mtu aliyepewa nguvu kuliko wenzake, azitumie kwa ajili ya nani? Hapo yafaa kuyatazama maisha ya Mwislamu mmoja wa Punjab.

Jina lake lilikuwa Ghulam Muhammad, lakini dunia ilimjua kwa jina la Gama. Alizaliwa mwaka 1878 katika wilaya ya Amritsar, katika ukoo wa Waislamu wenye asili ya Kashmir ambao kazi yao ilikuwa mieleka. Baba yake, aliyekuwa mwanamieleka wa mtawala wa Datia, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi. Babu yake mzaa mama, na baadaye mjomba wake Ida, ndio waliomlea na kumfundisha. Mwaka 1888 yalifanyika mashindano huko Jodhpur ya kuchuchumaa na kuinuka mpaka mtu ashindwe. Walikuwapo wanamieleka zaidi ya 400, na mtoto huyu wa miaka 10 alikuwa miongoni mwa 15 wa mwisho waliobaki wakisimama, hata Maharaja akamtangaza yeye kuwa mshindi.

Watu hupenda sana kuhesabu maziwa na lozi alizokula Gama. Mimi naona lililo bora kuhesabiwa ni mazoezi yake: inasimuliwa kwamba kwa siku moja alichuchumaa na kuinuka mara 5,000, akajiinua kwa mikono kutoka ardhini mara 3,000, kisha akapambana na wenzake, mmoja baada ya mwingine, katika uwanja wa udongo.

Alipokuwa na miaka 17 alipambana na bingwa wa India, Rahim Bakhsh Sultaniwala wa Gujranwala. Bingwa huyo alikaribia urefu wa futi 7. Gama alikuwa na futi 5 na inchi 7 tu. Watu walikuja kuona kijana akivunjwa mifupa, lakini walipambana saa nyingi na hakupatikana mshindi. Miaka mingi baadaye ndipo Gama alipomshinda mzee huyo huko Allahabad. Na hata alipokwisha kumshinda, kila alipoulizwa ni nani aliyekuwa na nguvu zaidi kati ya wote aliopambana nao, alimtaja yeye.

Mwaka 1910 Gama alikwenda London pamoja na nduguye, Imam Bakhsh. Waandalizi wa mashindano walimkataa kwa sababu ya ufupi wake. Hakurudi nyumbani wala hakugombana na mtu. Alitoa tangazo kwamba yuko tayari kuwaangusha wanamieleka watatu wowote, wa uzito wowote, katika muda wa dakika 30. Waingereza walidhani ni mzaha wa kutafuta fedha. Mwishowe Benjamin Roller, daktari wa Kimarekani, alijitokeza. Gama alimwangusha mara mbili, na mara ya kwanza hazikupita hata dakika 2. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Tarehe 10 Septemba 1910 alikutana na Stanislaus Zbyszko, Mpolandi mwenye mwili mkubwa kuliko wake. Muda si muda Zbyszko aliangushwa, na tangu hapo akalala kifudifudi, akashikamana na sakafu kama kobe, asikubali kuinuka. Hali hiyo iliendelea kwa saa mbili na nusu na zaidi. Hebu fikiria, ndugu msomaji, hasira ya mtu aliyesafiri kutoka India, aliyedharauliwa mlangoni, na sasa mpinzani wake hataki kupigana! Kila azijuaye Hadithi anakumbuka jinsi Mtume s.a.w. alivyopambanua kati ya nguvu za kuangusha watu na nguvu za kuizuia hasira. Gama hakumdhuru. Pambano lilitangazwa kuwa sare, likapangwa tena kwa tarehe 17. Siku hiyo Zbyszko hakutokea, na mkanda wa ubingwa akapewa Gama. Walikutana tena Januari 1928 huko Patiala, mbele ya umati wa maelfu kwa maelfu. Gama alikuwa anakaribia miaka 50, lakini Zbyszko alibwagwa kabla ya dakika moja kwisha.

Ukubwa wake hasa ulionekana mahali pasipokuwa na mwamuzi wala mkanda. Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili, na watu wa dini zote, Waislamu, Wahindu na Makalasinga, wakachinjana. Mamia ya maelfu walikufa na mamilioni wakahama. Amritsar alikozaliwa Gama na Patiala alikoishi vilibaki upande wa India, naye akahamia Lahore, akakaa katika barabara ya Mohni. Basi kama ni kisasi, naye angeweza kusema amepoteza. Lakini majirani wengi wa barabara hiyo walikuwa Wahindu, ambao huku kwetu huitwa Mabaniani, na Gama aliwaahidi kwamba hawataguswa. Jamaa zake husimulia kwamba kundi la watu wa dini yake mwenyewe lilipokuja kushambulia, yeye, mzee wa miaka 69, alisimama mbele yao pamoja na wanafunzi wake. Kiongozi wa kundi aliposogea, Gama alimpiga kofi moja lililompeleka chini. Wengine wakatawanyika. Na hali ilipozidi kuwa mbaya hata majirani wale hawakuweza kubaki, aliwasindikiza mpaka mpakani, akawanunulia kwa fedha zake chakula cha njiani.

Wanawe wa kiume walifariki wakiwa wadogo. Uzeeni aliugua, na fedha zikawa chache. Miongoni mwa waliomsaidia ni tajiri Mhindu wa upande wa pili wa mpaka, G. D. Birla, aliyempangia posho ya kila mwezi. Mwana wa nduguye Imam Bakhsh, Bholu, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Pakistan. Gama alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960, akazikwa katika mji huo huo.