Charles de Foucauld, askari mpanda farasi

Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858. Baba na mama yake walikufa angali mtoto mdogo, akalelewa na babu yake, mkubwa wa askari aliyestaafu. Charles alikuwa na akili nyingi, lakini alikuwa mvivu, tena alipenda mno kula na kunywa. Katika shule ya Saumur, ambamo maofisa wa askari wapanda farasi walifundishwa, alikuwa wa 87, na wanafunzi walikuwa 87.

Mwaka 1880 kikosi chake kilipelekwa Algeria, nchi iliyotekwa na Wafaransa. Huko mwenendo wake ulikuwa mbaya. Wakubwa walimwonya, asisikie. Basi wakamwondoa kikosini, naye akarudi Ufaransa kukaa bure.

Mwaka 1881 mtu wa dini jina lake Bou Amama aliwainua watu wa kusini ya Oran kupigana na Wafaransa. Watu hao nao walikuwa mashujaa, wapanda farasi hodari, na nchi ilikuwa yao. Charles alisikia kwamba wenzake wamekwenda vitani. Je, yeye akae mezani akila, nao wako hatarini? Aliwaandikia wakubwa, akaomba kurudi, hata kama askari wa chini asiye na cheo. Wakamkubali.

Jangwani kulikuwa na jua kali, kiu na safari ndefu. Yule mvivu hakunung'unika. Alivumilia kwa furaha, akawatunza askari wake kuliko nafsi yake, hata wazee wa kikosi wakamstaajabia. Bou Amama hakushikwa kamwe. Alikufa mwaka 1908.

Charles aliacha uaskari mwaka 1882. Akapita Moroko amevaa kama Myahudi, maana Mkristo akijulikana huko angaliweza kuuawa. Mwaka 1886 alimrudia Mungu, na mwaka 1901 akawa padri. Akarudi katika jangwa lile lile, safari hii bila bunduki wala farasi. Huko Beni Abbès alikomboa watumwa kwa fedha. Tangu 1905 alikaa Tamanrasset na Watuareg, akajifunza lugha yao, akaandika kamusi yake kubwa.

Tarehe 1 Desemba 1916, wakati wa maasi mengine, watu wenye silaha walimkamata mlangoni, wakamfunga. Kijana aliyemlinda aliona askari wawili wa ngamia wanakuja, akaogopa, akampiga risasi. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2022.