Alan Dodd na Nondo Walioshinda Mpungate

Tukitajiwa mashujaa mara nyingi tunawaza majemadari, wanariadha na wanasiasa. Mimi nimeona heri niandike habari za mtu aliyepigana vita kwa kutumia viwavi. Jina lake ni Alan Parkhurst Dodd, mtaalamu wa wadudu wa Australia. Sababu yangu ni moja tu: kwetu ni Laikipia, na adui aliyepambana naye Dodd ndiye huyo huyo anayetusumbua sisi. Ni mpungate, ule mmea wa miiba ambao wengine huuita dungusi kakati. Mbuzi akila matunda yake, vijimiiba humwingia ulimini na midomoni hadi akashindwa kula. Ukiukata kwa panga, vipande vikianguka chini huota mizizi, kila kimoja kikawa mmea mwingine. Hebu fikiria vita vya namna hiyo!

Dodd alizaliwa mwaka wa 1896 huko Queensland. Baba yake, Frederick, alikuwa mkusanyaji wa vipepeo na wadudu aliyejulikana sana, kwa hivyo kijana alikulia katikati ya masanduku ya wadudu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata kabla ya kufika miaka 20 alikuwa amekwisha kuandika makala za kitaalamu kuhusu nyigu wadogo ajabu ambao hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine.

Wakati huo nchi yake ilikuwa taabani. Asili ya mpungate si Australia bali ni Amerika. Walowezi wa kwanza kutoka Uingereza walifika na aina moja mwaka wa 1788, ili wafuge wadudu wa kutengenezea rangi nyekundu. Aina nyingine zikaletwa baadaye kuwa ua na mapambo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, mpungate ulikuwa umevamia ekari kama milioni 60 za Queensland na New South Wales. Eneo hilo linazidi thuluthi ya Kenya nzima, jamani! Wakulima walikata, wakachoma, wakanyunyiza sumu ya aseniki. Wapi! Mara nyingi gharama ya sumu ilishinda bei ya shamba lenyewe. Wengi walifunga virago wakahama.

Mwaka wa 1920 serikali zikaunda halmashauri ya kupigana na mpungate, na Dodd akaja kuwa msimamizi wa kazi hiyo. Mapema mwaka wa 1925 alikuwa Ajentina, upande wa mji wa Concordia, akitafuta mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis cactorum. Jike wa nondo huyu hutaga mayai yaliyoungana moja juu ya jingine kama kijiti, hata ukiyaona unadhani ni mwiba wa mpungate. Viwavi wake wana rangi ya chungwa na madoa meusi. Huingia kwa pamoja ndani ya lile jani nene wakalila, likabaki ganda linalooza.

Mayai yapata 3,000 yalifika Brisbane mwezi wa Mei mwaka huo. Hapa ndipo ninapomheshimu Dodd zaidi. Mtu mwenye pupa angewaachilia wadudu palepale, maana watu walikuwa wanalia. Lakini kwanza viwavi walifungiwa pamoja na mimea yenye manufaa, wakanyimwa mpungate, ili ionekane kama njaa itawalazimisha kula mazao ya watu. Wakafa njaa.

Basi mapema mwaka wa 1926 nondo wakaanza kupelekwa mashambani. Mayai yalibandikwa kwenye vipande vya karatasi, na karatasi zikapachikwa kwenye mipungate. Kwa miaka michache mayai yaliyosambazwa yalikaribia bilioni 3. Vichaka vizito vikaanguka na kuoza. Lakini viwavi walipokosa chakula nao walikufa kwa wingi, na kufikia mwaka wa 1932 machipukizi yalikuwa yakirudi kwa kasi. Ungedhani kazi yote imekwenda bure. Kumbe chakula kilipoongezeka, nondo nao waliongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imerudi mikononi mwa wakulima.

Sisemi kwamba nondo huyu afaa kupelekwa kila mahali. Australia haina dungusi wa asili, ndiyo maana hapakuwa na cha kuharibu. Mwaka wa 1957 alipelekwa visiwa vya Karibi, na mwaka wa 1989 akaonekana Florida, ambako hutafuna mipungate ya asili. Meksiko, ambako mpungate ni chakula, wana hofu naye hadi leo. Huko kwetu Laikipia watafiti waliachilia mdudu mwingine katika miaka ya 2010, kochinili, ambaye hufyonza maji ya mmea. Utamwona kwenye jani kama pamba nyeupe. Ukimponda, kidole huwa chekundu kama damu.

Dodd aliandika kitabu juu ya kampeni hiyo mwaka wa 1940, akafariki mwaka wa 1981. Wakulima wa Boonarga, huko Queensland, walijenga ukumbi wa shukrani uliofunguliwa mwaka wa 1936. Waliupa jina la nondo.