Shaaban Robert: Karani wa Forodha Aliyeingia Katika Kamati ya Lugha

Mwaka 1922 kijana kutoka kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, alifika Msimbazi, Dar es Salaam, kutafuta elimu. Kijana huyo ni Shaaban bin Robert, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1909. Alihitimu mwaka 1926, akaajiriwa kuwa karani wa Idara ya Forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944. Hakupata kusoma chuo kikuu. Ufundi wa kalamu aliupata kwa kujisomea.

Katika zama hizo Kiswahili cha vitabuni kilikuwa na wasimamizi. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ziliunda Kamati ya Lugha. Kamati hiyo ilipitia miswada ya vitabu vya shule, ikasahihisha tahajia na sarufi kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, ndipo ikatoa ithibati. Miaka ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Hivyo, aliyejifunza lugha ukubwani alimsahihisha aliyeinyonya kwa mama yake.

Shaaban Robert hakuisusia meza hiyo. Aliendelea kuandika, na baadaye akawa mjumbe wa Kamati ileile. Kuingia kwake kulikuwa na maana kubwa: sauti ya mtunzi mzawa ilisikika mahali ambapo usanifu wa lugha ulikuwa ukiamuliwa.

Suala la kupokea maoni linaonekana pia katika hadithi yake ya Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Humo wajumbe sita wanatumwa pande sita kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Wanaporejea na ushauri wa mageuzi, malipo yao ni kifungo. Karama, mshitakiwa mbele ya baraza, anajitetea kwa kueleza safari zao moja baada ya nyingine, hadi watawala wanalazimika kusikiliza. Nchi isiyotaka kukosolewa, hadithi yaonyesha, hujinyima dawa yake yenyewe.

Si miswada yake yote iliyochapishwa akiwa hai. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, kilitoka mwaka 1967. Mwandishi wake alikuwa amefariki Juni 1962, miezi sita baada ya Uhuru wa Tanganyika.

Kamati ile ilizaa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964, ambacho baadaye kikawa taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, eneo lililohesabiwa kwa miaka mingi ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Mwaka 2002 taasisi hiyo ilichapisha barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Chombo kilichoanza kwa kusahihisha Kiswahili cha wenyeji kikawa mhifadhi wa maandishi ya mwenyeji mmoja, na sentensi zake leo ni miongoni mwa vipimo vya Kiswahili fasaha.