Kivoi wa Kitui: Treda wa zamani aliyeijua njia

Wewe unayekesha na simu ukifuata bei za foreksi, hebu weka chaji kwanza usikie habari za Kivoi Mwendwa. Huyu mzee wa Kitui aliuza na kununua zaidi ya miaka 170 iliyopita, bila simu, bila benki.

Mali yake ilikuwa pembe za ndovu, bidhaa ambayo leo ni marufuku. Zilinunuliwa bara na kupelekwa Mombasa, huko zikibadilishwa na nguo, shanga na waya wa shaba. Ukiangalia haraka utasema ni rahisi: nunua huku, uza kule, omoka.

Lakini kila Mkamba alijua bei ya pwani ni nzuri. Hiyo haikuwa siri. Kazi ilikuwa kufika. Msafara ulishuka kwa miguu kupitia Yatta na Kikumbulyu, eneo ambalo leo liko Makueni, kisha nyika ya Taru isiyo na maji. Njiani kulikuwa na wavamizi. Aliyeondoka kwa pupa, peke yake, bila maji, hakuuza kitu.

Kivoi alisafiri na kundi kubwa. Alikuwa na watu waliomjua hadi Rabai, karibu na Mombasa, ambako Wakamba wengi walikuwa wamehamia. Pwani ndiko alikofahamiana na mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Mwaka wa 1849 Krapf alimtembelea Kitui, na Desemba 3 akauona Mlima Kenya kwa mbali. Jina la mlima huo alilisikia kwa Wakamba, na ndilo nchi yetu inabeba mpaka leo.

Krapf alirudi pwani bila kuufikia Mto Tana. Mwaka wa 1851 akaja tena, na safari hii wakaondoka pamoja kuelekea mtoni. Karibu na Tana wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akatangatanga porini kwa njaa na kiu.

Sasa fikiria hilo. Mtu aliyeijua njia kuliko wengi, mwenye jina, mwenye watu, aliangushwa na safari moja. Hakuwa mjinga wala mvivu. Hatari haiangalii sifa zako.

Ndio maana ukishinda mara tano mfululizo, usiseme sasa umejua soko, halafu ukaweka karo ya mdogo wako au pesa za chama kwenye biashara ya sita. Kabla hujabonyeza kununua, andika kwanza kiasi unachoweza kupoteza na bado ule kesho. Kikifika, zima simu ulale. Kivoi alilipa kwa uhai wake. Wewe bado unaweza kuchagua utabeba mzigo kiasi gani.