Naftali Temu: Shujaa Baada ya Uwanja

Wahenga walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Maisha ya marehemu Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki, yanaithibitisha kauli hiyo.

Temu alizaliwa Ugusii tarehe 20 Aprili 1945. Alijiunga na jeshi, na huko kipawa chake kikakomaa. Mwaka 1966, jijini Kingston, alishinda mbio za maili sita katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akimwacha nyuma Ron Clarke wa Australia, bingwa wa rekodi za dunia.

Kilele cha sifa zake kilikuwa Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Jiji hilo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwaelemea wengi. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kuzirai. Katika hatua za mwisho Temu alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia, akakamilisha mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Siku chache baadaye alinyakua shaba ya mita 5,000.

Munich, mwaka 1972, hakufika fainali. Muda si muda alistaafu, akarejea kwao kulima shamba alilotunukiwa na serikali. Shangwe zikanyamaza.

Tarehe 10 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57, Temu aliaga dunia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, kwa saratani ya tezi dume. Maradhi haya hunyemelea: aghalabu hayaumi mwanzoni, na mwenye mwili wa chuma hudhani yu salama. Mbio huimarisha moyo na kuzuia unene, lakini faida hiyo hupungua mazoezi yakikoma, na hakuna nishani iliyo chanjo ya saratani.

Hospitali hiyo ndiyo kimbilio la wagonjwa wengi wa Kibera na Kawangware, mitaa ambamo vijana wengi hutumainia miguu yao iwatoe katika ufukara. Hao hufunzwa namna ya kushinda. Ni nadra kufunzwa namna ya kuutunza mwili baada ya ushindi: kula kwa kiasi, kuendelea na mazoezi, na kupimwa mapema. Taifa linalomshangilia mwanariadha uwanjani lina deni la kumjulia hali uzeeni.